Doa Jeusi Usoni mwa Jua

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi na watoto wazima, na Baba mzima wa mwili. Kichwa ndicho nisichokielewa tena. Hiyo darubini uliyomtumia itanitoa roho! Kila adhuhuri yuko juu ya paa, anasubiri setilaiti yenu ipite mbele ya jua. Jana nimekuta kile kioo cheusi cha kukinga macho amekishikiza kwa plasta ya kidonda. Upepo ungekibandua angebaki kipofu. Nikamfokea, naye akanijibu, "Mwanangu hajaja miaka yote hii. Acha basi nikione hata alichokitengeneza."

Mwambie ashuke. Mimi hanisikii.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Hamjambo wote? Pole kwa kero. Asichungulie kabisa! Shika karatasi nyeupe nyuma ya darubini, jua litajichora hapo, mtazame karatasi tu. Setilaiti itapita kwenu tarehe pili Aprili, saa sita na dakika tano mchana. Ni kufumba na kufumbua.

Mwambie asikasirike, kazi imenibana. Mwaka huu pia siji.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila shingo yangu imekakamaa kwa ajili yenu. Juzi nimepanda paani, mtu mzima mimi, nimeshika karatasi kama mbeba bango, jasho linanitiririka, Baba ananikoromea: "Inyooshe! Mbona unatikisa?" Dakika ikafika. Akanigeukia, "Usipepese macho, wewe!"

Papo hapo ikapita. Kidoa cheusi chenye mabawa, kikakata jua, kikaisha. Nimekiona mimi nisiyekitaka, na yeye alikuwa ananifokea.

"Imepita?"

Ningemwambiaje? Nikasema sijaona kitu, labda wewe umekosea saa.

"Huyo hakosei," akasema, kwa hasira kabisa. Akakaa paani mpaka alasiri, ameikodolea macho ile karatasi, chakula kimepoa, nami nimesimama naishika kwa sababu nilishindwa kumwambia tushuke.

Nimechoka, mdogo wangu. Usiniandikie tena setilaiti inapita lini. Niandikie wewe unafika lini.

Dada yako