Cherehani Niliyoipangusa kwa Koti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana tangu Jumanne sipati usingizi. Mimi ni fundi katika karakana inayotengeneza vitu ambavyo jicho tupu halivioni, tunachonga kwa leza ndani ya tone la gundi inayoganda ikipigwa mwanga, na kwa kuwa wateja hawaamini mpaka waone, bosi alitaka kila fundi atengeneze kitu cha maonyesho, basi mwenzangu akatengeneza kiti na mimi nikatengeneza cherehani ya mama yangu, ile aliyotulelea sisi watoto wanne, na gurudumu lake na pedali yake, nzima nzima, na upana wake haufiki unene wa unywele. Nilijivuna, sikatai. Sasa Jumanne wageni wapo mlangoni nikaona kile kioo kilichobeba cherehani kina vumbi, na sisi vumbi tunaliogopa kuliko mwizi, nikakipangusa kwa pindo la koti kama mtu anavyopangusa miwani, na kabla mkono haujatulia nikajua nimefanya nini. Nikachungulia kwenye hadubini, cherehani hakuna, kuna kijiuzi cha koti langu kimejikunja! Sijafungua mdomo, bosi akainama akaangalia, akawageukia wageni, "Mnaona? Hata uzi kautia!" Wakapiga makofi, mshauri, na mimi nikatabasamu. Jumamosi ni siku ya familia na mama anakuja, sijamwambia nimetengeneza nini, nilitaka aone mwenyewe, lakini mama ameshona miaka thelathini, atasema pale pale mbele ya bosi, "Mwanangu, mbona huu ni uzi tu?" Nimefikiria kusingizia ugonjwa, nimefikiria hata kumwambia siku ya familia imeahirishwa. Nifanye nini?

Fundi Asiyelala

Fundi, umenitoa jasho. Nilivyoanza kusoma nilidhani umeunguza karakana. Pumua kwanza, na mimi nipumue.

Mambo ya leza siyajui, kwa hiyo nilimpigia simu mtu wa kazi kama yako. Alicheka mpaka akaniomba radhi. Anasema mchoro unabaki kwenye kompyuta, na mashine inachonga nyingine kabla chai haijapoa. Wewe unalijua hilo kuliko yeye, ila hofu imekuziba masikio. Cherehani yako ipo, fundi. Ni ya kuchongwa tena tu.

Sasa nikugombeze. Umewaacha watu wazima wapigie makofi pindo la koti, halafu unataka kumfungia mama yako nyumbani kwa kosa la kuijua kazi yake? Haya huoni? Mama aliyewalea wanne kwa mguu wake mmoja juu ya pedali hastahili kudanganywa na mwanawe.

Kamwone bosi leo, mlango ukiwa umefungwa, umweleze yote, na lile tabasamu pia. Atanuna nusu saa. Ukimwachia mama yako amwambie mbele za watu, atanuna mwaka mzima. Kisha chonga nyingine, chonga na ya akiba, na lile koti lako lisikaribie kioo tena.

Jumamosi mkalishe mama kwenye hadubini, ufunge mdomo. Usimwambie anaangalia nini, wala usimtazame usoni. Tazama mguu wake. Ukianza kukanyaga wenyewe pale chini ya kiti, basi, fundi, umeiweza kazi.