Mkono Wangu Kikaoni

Shosti, leo nimenyoosha mkono mbele ya ofisi nzima ya elimu. Usicheke.

Si unajua hii habari yao ya kuunganisha idara? Mkurugenzi kasimama, eti kitengo changu cha watoto viziwi kinahamia idara ya michezo. MICHEZO!

Halafu kwa mbwembwe: "Anayepinga anyooshe mkono." Akacheka mwenyewe, maana pale hakuna anayethubutu.

Nikanyoosha.

"Shusha mkono, mama. Nilikuwa natania."

Mimi sikuwa natania. Sikushusha! Akaendelea na kikao, mkono wangu juu. Chai ikaja, mkono juu! Mhasibu ananivuta sketi chini ya meza: "Wewe, utafukuzwa." Nikaushikilia kwa mkono wa pili, nikakaa vilevile.

Mwisho akashindwa kuvumilia. "Kwani unataka nini?"

Nikamwambia, "Huko michezoni nani anajua lugha ya alama? Hao watoto wakija na shida zao, wataongea na nani?"

Kakusanya mafaili yake: "Tutaendelea kesho."

Bega limekufa ganzi, hapa nakuandikia kwa kushoto. Lakini kesho aje tu. Huu wa kushoto haujachoka.