Ziwa la mama mkwe limeninywea wino

Jumapili, Kiseke

Wino wa bluu umeisha tena, na mwenye kosa ni ziwa. Tangu ninunue printa ya picha, ukoo mzima wa mume wangu unaleta picha za darajani Busisi, maji nyuma, anga juu. Wanadhani mashine inakunywa maji ya bomba!

Leo ilikuwa zamu ya mama mkwe. Nilichapa huku naomba Mungu. Yeye akatoka safi, ziwa likatoka la pinki kama juisi.

Nikaanza kujitetea. Akacheka.

"Mimi si nimetoka vizuri? Ziwa nitaliona nikirudi nyumbani."

Sasa anataka nakala sita za kuwapa dada zake, zote za pinki hivyohivyo. Nimechungulia wino wa pinki. Umebaki kidole kimoja.