Ndege Niliyomchagulia Kaka

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeiacha mlangoni. Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Na shemeji na kikohozi chake, na wale mapacha wanaokimbia ndevu zangu? Sisi huku miili mizima. Roho ndiyo inahitaji gereji, na hiyo gereji sijaipata.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unakata kabla sijamaliza haloo. Mwandiko usiucheke. Shule mimi niliipitia kama mtu anayepita dukani bila hela: niliangalia, nikatoka. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji, ameapa kukukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho, ndipo uichane.

Nimeyasikia uliyosema baada ya mazishi. Umesema kaka yetu asikanyage tena kizingiti chako. Umesema alinunua ndege ya kujionyesha, ya kumpeleka mkewe kwenye sherehe za watu, na siku moja tu mama alipoihitaji, akaleta visababu. Yeye hajajibu hata neno. Alhamisi ijayo anapanda basi kuja kwako kukuangukia. Nami nimeona nikuandikie kabla hajafika, ujue mlango huo unamfungia nani.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mwaka jana kaka aliniita ofisini kwake, ile ya juu ya duka la mabomba, yenye kiti kimoja cha mgeni kinacholia ukikikalia. Akaniambia leseni ya kurusha ndege ndogo ameshaipata, sasa anatafuta ndege yenyewe, mtumba, ya injini moja, ya kubeba familia. Nikamuuliza basi limemkosea nini. Hakucheka. Akasema mama moyo wake unataka daktari kila mwezi, na kutoka huko kwenu ni masaa kumi na sita kwa barabara, tena hapo ni kiangazi. Mvua zikianza, daraja linaondoka na maji. Kwa ndege ni masaa mawili, na uwanja wa nyasi uko nyuma ya zahanati yenu. Akasema mimi nimeuza magari ya watu miaka yote hii, jicho ninalo, basi nimtafutie.

Dada, nilitoka pale natembea katikati ya barabara, magari yananipigia honi, nayapungia mkono. Tangu tukiwa wadogo, wa kushauriwa mlikuwa nyinyi wawili. Mimi nilikuwa wa kutumwa, na wa kuchekesha wageni.

Akaniunganisha na fundi wa ndege, mzee mfupi tunamwita Taratibu, maana hata mlango anaufungua kwa kufikiri. Nikajua tutaenda kuangalia ndege. Taratibu akasema ndege haianzi kuangaliwa, wanaanza kupimwa watu. Ndege ya viti vinne, alisema, ukiijaza mafuta inabeba watu wawili na mizigo yao, viti vinavyobaki ni vya kuwekea makoti. Basi familia nzima ikapangwa foleni kwenye mzani wa magunia, nyuma ya duka la kaka. Wifi yako alikataa kupanda mpaka wanaume wote tugeuke tuangalie ukuta, halafu akamnong'oneza fundi kilo zake kama anaungama dhambi. Mama siku hiyo alikuwa mjini kwa daktari. Akapanda na mkoba wake mkononi. Tukamwambia auweke chini, akakataa, akasema anasafiri nao, basi upimwe naye. Taratibu akasema katika ukoo wote huu aliyeelewa ni mmoja. Mama akamuuliza kama hiyo ndege ina breki ya mkono, na kama ina honi ya kufukuzia kunguru. Hayo ndiyo maneno yake, nakuandikia ili uyapate na wewe, maana hukuwepo.

Hesabu ikasema viti sita. Zikapatikana mbili.

Ya kwanza aliipata Taratibu. Dada, ilikuwa mbaya, acha mchezo. Rangi imebabuka, viti vimeshonwa kwa uzi wa viatu, ndani inanuka dawa, kwa sababu ilikuwa ya daktari mmoja aliyekuwa akizungukia zahanati. Kila ndege ina kitabu chake, kinachoandikwa kila safari na kila nati iliyoguswa, na cha ile kilikuwa kinene kama godoro. Ilikuwa ikiruka karibu kila siku. Ya pili niliipata mimi. Nyeupe, mstari wa buluu ubavuni, viti vya ngozi, pangaboi la mbele linang'aa mpaka unajiona ndani yake. Ilikuwa imelala bandani miaka tisa, ya tajiri aliyechoka nayo, na injini ilikuwa na masaa machache kabisa ya kuruka.

Kwenye magari, dada, hiyo ndiyo dhahabu. Gari lililotembea kidogo naliuza kabla sijamaliza chai. Nikamwambia kaka hii injini bado mwali. Taratibu akanisikia, akatikisa kichwa, akasema gari likilala linapumzika, lakini injini ya ndege ikilala inaota kutu tumboni. Ni kama ng'ombe wa maziwa, asipokamuliwa anaugua. Nikamjibu kwamba yeye anapenda vizee kwa kuwa ni wa rika lake. Watu wakacheka. Hata kaka alicheka, ila akasema tumwachie fundi aikague, atakachosema ndicho.

Kaka akaenda kwenye kazi yake ya bomba la maji, kule kusikoshika mtandao. Mimi na Taratibu tukashinda bandani siku mbili. Nikamfuata kaka kwa pikipiki kumpelekea majibu. Akaniuliza fundi kasemaje, nikamjibu. Akainunua ile nyeupe.

Iliruka vizuri mara nne. Mara mbili kati ya hizo alikuwemo mama, uliwaona wakitua, ukapiga vigelegele, usikatae. Ile safari ya harusi unayoisema ilikuwa moja, na walitangulia kupita kwako kuacha dawa.

Asubuhi ile uliyopiga simu kwamba mama amevimba miguu na pumzi hazitoshi, kaka alitoka nyumbani na ndala. Nilikuwa naye. Akaiwasha, akasogea mpaka mwanzo wa barabara ya kurukia, akaikanyagia mafuta, ikaanza kukimbia. Ikakimbia, ikakimbia, nguvu hazipandi. Ikabidi ashike breki, tukasimamia kwenye majani. Akarudi nyuma akajaribu tena. Mara ya tatu mlinzi wa uwanja akaja kumzuia kwa mkono. Mafundi wa pale walikuja kuifungua injini baadaye, wakakuta ule mhimili unaosukuma vali umelika, umekuwa kama hindi lililotafunwa. Siku ile ndege nyingine hapakuwa. Akapanda gari, akafika darajani, daraja halipo. Akaliacha gari hapo, akavuka kwa kamba, akatembea. Ulimwona alivyofika na matope kiunoni, siku moja baada ya kuzika, na ukamwambia mbele za watu kwamba mwenye ndege amefika kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mimi ulinikumbatia.

Sasa dada, kaa chini.

Kule bandani Taratibu aliitoa filta ya oili, akaikata, akaikunjua ile karatasi ya ndani kwenye jua. Ilikuwa inametameta. Akapitisha sumaku, vipande vya chuma vikaruka kuishika, vidogo kama vumbi la tupa. Akasema huko ndani kuna kutu, na chuma kinakula chuma. Akasema asilipwe mtu chochote mpaka afungue injini aone, na hilo litamchukua wiki. Au tuchukue ile ya daktari. Akayaandika yote kwenye karatasi, akanipa nimpelekee kaka.

Na yule tajiri mwenye ndege akaniita pembeni, akaninong'oneza kwamba Jumamosi kuna mteja mwingine anakuja. Dada, hayo ni maneno ninayowaambia wateja wangu kila siku iendayo kwa Mungu! Huyo mteja wa Jumamosi nimemtunga mimi mara mia, namjua mpaka viatu. Nikamwamini.

Si kwa ajili ya udalali. Ningekwambia ni udalali ingekuwa afadhali. Nilishatangaza mtaa mzima kwamba ndege ya kaka nimeichagua mimi. Sikutaka kurudi kusema mzee wa kufungua milango polepole alikuwa na haki. Kaka nikamwambia fundi kasema safi. Fundi nikamwambia bosi anaichukua hivyo hivyo, ataifungua baadaye. Akanitazama, akasema ndege ni ya kwenu na watu ni wa kwenu, akafunga sanduku lake akaenda mji mwingine kwenye kazi. Karatasi nikaitia mfukoni.

Baada ya msiba Taratibu alikuja kutoa pole. Kabla hajakaa vizuri nilimshika mkono, nikamsindikiza mpaka kituoni nikimpigia hadithi za kuchekesha, asipate nafasi ya kuzungumza na kaka. Basi lilipoondoka alikuwa ananiangalia dirishani, wala hakupunga mkono.

Jumapili nikamwambia kaka mwenyewe. Nilidhani atanipiga, nikavua saa kabisa. Aliniuliza kitu kimoja: fundi alisema kufungua injini ni siku ngapi. Nikasema wiki. Akarudia, wiki. Halafu akanikataza nisikwambie. Akasema yeye ulishamnunia tangu mkiwa watoto, mmezoeana hivyo. Lakini mimi ndiye mtu pekee anayekuchekesha, na mama ameondoka, ukininunia na mimi utabaki unacheka na nani.

Sikumtii. Karatasi ya Taratibu hii hapa nimeikunja humu ndani, tarehe yake utaiona.

Alhamisi mfungulie. Atakuwa na mkoba wa mama, marehemu aliusahau kwa daktari safari ya mwisho. Usimwambie kwamba nimekuandikia, mwache aongee anavyotaka.

Mimi sitakuja mpaka uniite. Usiponiita, nitajua umenisoma vizuri kuliko ninavyoandika. Msalimie shemeji, anywe maji ya moto. Mapacha waambie yule mwenye ndevu amenyoa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni.