Fundo la Shemeji

Alhamisi. Joto tupu. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Mdomo wangu wa juu bado umevimba.

Nilijaribu kusamehe. Leo niliamka nimesamehe kabisa, mpaka nilipokunywa chai ya moto.

Ngoja nieleze. Nafundisha hisabati hapa Butimba, nina miaka thelathini na mbili, na ninacheza yoyo. Ni kitu pekee ninachokifanya vizuri kuliko watu wote ninaowafahamu. Jumapili tulikuwa Kisesa kwa dada Adela. Mama yake Joel, mchumba wangu, alikuja na dada zake wawili kunitazama kwa mara ya kwanza. Baada ya ndizi na sato, Joel akanisifia: mwalimu huyu ana yoyo yake, awaonyeshe. Shemeji Mugeta, mume wa Adela, akaenda kuitoa kabatini, maana niliisahau pale wiki iliyotangulia. Akanikabidhi uzi ukiwa umeshazungushwa. Kwa wasiwasi wangu sikuitazama. Nilivaa kitanzi kidoleni nikairusha chini kwa nguvu, ili ilale mwisho wa uzi ikizunguka. Hilo naliweza hata nikifumba macho.

Haikulala. Ilirudi hapo hapo ikanipiga mdomoni.

Damu ikadondokea gauni langu la njano. Wakwe wakashika vichwa. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, mchezo wa watoto umekushinda!"

Nilidhani kosa ni langu. Siku tatu nzima.

Jana Adela akanipigia simu, tukaongea hili na lile, mara akasema, "Kwani Mugeta hakukwambia? Aliichezea ile yoyo, uzi ukamkatikia. Si akakuwekea mwingine!"

Nikaitoa kwenye mkoba nikaichunguza. Uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu. Shemeji amekulia Nansio, kisiwani kwa wavuvi, na kwao kitu kikifungwa kimefungwa. Lakini uzi wa yoyo haukazwi. Unakunjwa mara mbili, unasokotwa, na kitanzi chake kinakaa kwa ulegevu kwenye kijiti cha katikati, ili yoyo izunguke bila kupanda. Yeye alikaza fundo la wavuvi.

Fundo ningemsamehe. Alidhani anatengeneza. Ila alinikabidhi mbele ya wakwe bila kusema neno, na nilipoumia akacheka, na siku zote hizi ameniacha nijilaumu. Mama mkwe amemuuliza Joel kama mimi huwa na papara hivi kila siku.

Papara!

Leo baada ya vipindi nimenunua uzi wa pamba. Nimeufunga kwenye kitasa cha mlango, nimeusokota mpaka vidole vikaniuma. Yoyo yangu inafunguka pande mbili, kwa hiyo fundo la shemeji nimelivua zima zima, kama pete. Nimeweka uzi wangu, nikarusha. Ikalala chini ikivuma taratibu, nikahesabu hadi kumi na nne. Nusura nilie.

Nilikuwa nimeshalishika lile fundo nikalitupe. Sikulitupa. Nimelifunga kwenye leso pamoja na uzi wake.

Jumapili hii wakwe wanarudi Kisesa. Nitawaonyesha yoyo inavyolala, mama mkwe aone mkono wangu ulivyotulia. Kisha nitaingia ndani kunywa maji. Kufungua yoyo, kuvalisha uzi wa shemeji na kufunga tena kunachukua muda mfupi kuliko kumaliza glasi. Jioni hii nimejaribu mara tatu. Nitatoka nikimwambia kwa heshima zote, "Shemeji, na wewe tuonyeshe. Irushe kwa nguvu."

Najua ni vibaya. Najua Adela atanuna. Lakini sitakuwa nimeongeza chochote. Uzi ni wake, fundo ni lake, mkono ni wake.

Kinachonisumbua ni kimoja tu: nimpe kabla ya chakula, au nimwache kwanza ale, maana baadaye hataweza?