Polisi Walipobisha Hodi

Jumatatu, 3 Juni

Dada Afande,

Shikamoo! Marahaba jijibu mwenyewe, maana simu yangu haina sauti tangu ilipotumbukia kwenye beseni la kutafutia pancha. Kuandika naandika, kusikia sisikii, kwa hiyo usinipigie, utachosha kidole bure. Mimi nimejaa upepo kama tairi la trekta. Wewe je? Kiuno kimepona? Au bado mnasimama kaunta mchana kutwa mkiwakunjia watu nyuso?

Sasa tulia nikupe habari. Leo mdogo wako nimeweka rekodi! Mtaani siitwi tena kwa jina, naitwa King'ora. Chenu kinakaa juu ya gari, changu kinakaa mdomoni: vidole viwili, mluzi mmoja, na mtaa mzima unajua polisi wamekata kona. Basi mchana niko na gurudumu la mkokoteni, nikaona gari lenu linainamia mtaro pale mwanzo wa mtaa. Nikapuliza! Ungekuwepo ungecheka mpaka kofia ianguke. Mshona viatu alikimbilia ndani na kiatu cha mteja, mteja akakimbilia nyumba ya jirani na mguu mtupu. Fundi redio alifunga duka yeye mwenyewe akiwa nje, akabaki anambembeleza mkewe kwenye tundu la kufuli mpaka akafunguliwa. Mimi nikajichimbia nyuma ya rundo la matairi.

Wakashuka wawili. Wakabisha hodi. Hodi! Polisi! Tangu lini? Wakagonga kwa kinyozi, kwa fundi redio, kwa bibi mwenye nyumba. Kimya. Mmoja akasema kwa sauti, "Mtaa wa wezi huu. Asiye na kosa anakimbia nini?" Wakaondoka mikono mitupu. Hakukamatwa hata mmoja, Dada! Majirani wamenibeba juu juu mpaka kwa mshona viatu na kunirudisha.

Raha ingekuwa kamili kama si jambo moja. Yule binti wa kinyozi, Chiriku, yule mdogo asiyefunga mdomo hata akilala, haonekani tangu asubuhi. Kafuata baiskeli ya muuza aiskrimu. Kinyozi na mkewe wanazunguka huko wanamtafuta. Nimemwambia kinyozi, "Achana na polisi, tutampata wenyewe." Kanijibu hata nikimlipa haendi kituoni.

Mdogo wako,
King'ora


Jumanne, 4 Juni, asubuhi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kiuno hakijambo, na nyuso bado tunakunja. Nimekupigia hata hivyo, kidole kimechoka kweli. Sasa soma polepole.

Mwenzangu wa chuo cha polisi yuko hapo kituoni kwenu. Nimemuuliza habari za Chiriku. Ndani ya lile gari, kiti cha mbele, alikuwa Chiriku.

Umeelewa? Walikuwa wanamrudisha nyumbani. Mtoto mwenyewe aliwaelekeza kona kwa kona mpaka "kwa baba mwenye kioo kikubwa". Baba hayupo, wakauliza majirani, na majirani wote wako chini ya vitanda kwa sababu wewe umepuliza mluzi. Mtoto akalia, wakageuza gari.

Kuna baya zaidi. Hakuna mtu aliyeripoti kwamba mtoto kapotea. Mkuu wa kituo anaamini wazazi wamemtupa. Kesho asubuhi anapelekwa makao ya watoto, mbali sana na hapo, na akishaingia huko, kumtoa ni mahakama, ni miezi. Maneno yangu ya simu hayatoshi, wanamtaka mzazi mwenyewe. Kinyozi aende leo.

Nimekasirika. Kila siku unanicheka kwamba polisi tunawaona raia wote wezi. Na nyinyi mnatuonaje? Mtu akinikimbia, nitajuaje kama ana kosa au ana woga? Na baba gani huyo asiyeripoti mwanawe?

Dada yako


Jumanne, 4 Juni, mchana

Dada,

Salamu baadaye, grisi imejaa kwenye kioo cha simu. Nilisikia kilio mle garini. Nikadhani ni redio yenu.

Unauliza baba gani. Nakuambia. Mwaka jana kinyozi aliibiwa mashine ya kunyolea, akaenda kituo cha hapa kwetu kuripoti. Kaunta wakamwambia vua viatu, vua mkanda. Wakamuuliza hiyo mashine yeye aliipata wapi. Hana risiti. Wakamsukuma mahabusu. Alitoka na kikohozi, mashine mpaka leo hajaiona.

Sasa nimemwambia Chiriku yuko wapi, amekaa sakafuni, mkewe anamvuta shati mpaka limechanika. Anasema, "Wakinifungia na mimi, nani atamtoa mtoto?" Nimemwambia haendi peke yake. Napuliza mluzi, na leo ni wa kuwatoa watu nje!

Mdogo wako


Jumanne, 4 Juni, jioni

Usiende na kundi! Kituo hakijui mnakuja kwa heri au kwa shari. Chagua watu wawili watatu wenye adabu, na wewe usiwe mmoja wao.

Mbona kimya? Mwenzangu hapokei simu. Niandikie hata neno moja.

Dada yako


Jumatano, 5 Juni

Dada Afande, shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ya akiba!

Usinune. Onyo lako nimelisoma kundi limeshakwenda na kurudi. Mtaa mzima! Fundi redio, mke wa fundi redio, bibi mwenye nyumba na mkongojo wake, mshona viatu na nyundo mkononi kwa sababu kasahau kuiweka chini, na mimi mbele nimeshika pampu. Tunatembea nusu tunakimbia, jasho linatiririka. Tukakata kona ya kituo, na unajua kilichotokea?

Polisi wametukimbia!

Haki ya nani! Askari wa getini kaona nyundo, karuka ndani, geti pa! Madirisha pa, pa, pa! Kofia yake imebaki nje inabingirika. Nikabisha hodi. Kimya. Nikasikia mtu ndani ananong'ona, "Wamekuja kutuchoma." Basi, Dada, ulimi ukanitoka, nikapaza sauti: "Maafande, asiye na kosa anakimbia nini?"

Bibi mwenye nyumba akanizaba kofi la kisogo, bado linawaka. "Mpumbavu! Kaeni chini nyote!" Tukakaa kwenye vumbi. Mshona viatu akaikalia nyundo yake, akaguna. Akabaki kinyozi peke yake amesimama. Akaenda mpaka dirisha la upande wa barabara, akaita kwa sauti ndogo kabisa, "Chiriku."

Sauti ikajibu ndani: "Baba! Baba, huyu afande anakoroma!"

Kumbe usiku alilala nyumbani kwa sajini wa kaunta, kwa mkewe, kaogeshwa, kavalishwa gauni jipya. Geti likafunguka. Sajini mnene, kambeba Chiriku mgongoni, kofia ya kazi imemfunika mtoto mpaka puani. Akatutazama tulivyokaa, akashusha pumzi. Kisha akamvaa kinyozi: "Mzazi gani wewe? Mtoto anapotea huripoti?"

Kinyozi akasema taratibu, "Nilikuja kuripoti mashine, nikalala ndani. Kwa mtoto mngenilaza miaka mingapi?"

"Nani alikulaza ndani?"

"Wewe."

Sajini akamkazia macho. "Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka."

Sajini akamshusha mtoto, akaivuta kofia yake, akaigeuza geuza mkononi. Akasema, "Ingia. Na viatu vyako. Na mashahidi waingie."

Shahidi wa kwanza nani? Mimi! Mkuu wa kituo akaniuliza kazi yangu, nikasema king'ora, bibi akanikanyaga, nikasema fundi pancha. Tukaweka sahihi, tukaondoka na Chiriku mabegani, anasimulia habari za kukoroma mpaka nyumbani. Kinyozi analia na kucheka kwa zamu. Kamnyoa fundi redio upande mmoja, wa pili kausahau.

Sajini hakuomba radhi, sikudanganyi. Geti alitufungulia kwa mkono wake mwenyewe, basi. Mtaani wananiuliza gari likija tena nitafanyaje. Wamegawanyika, wanapigiana kelele mpaka sasa. Mimi nimesema nitachungulia kwanza.

Na wewe, Dada, kwenye kaunta yako mnavua watu viatu?

Mdogo wako,
Shahidi wa Kwanza


Jumapili, 9 Juni

Shahidi wa Kwanza,

Marahaba zote tatu. Nimecheka mpaka koplo akaniuliza nina nini. Nikafika kwenye swali lako, kicheko kikakatika. Ndiyo, tunavua. Aliyeshtakiwa na aliyekuja kushtaki, wote. Nilikuta hivyo, sikuwahi kuuliza.

Jana aliingia mzee mmoja, kaibiwa baiskeli. Sijafungua mdomo, tayari ameinama anafungua kamba za viatu. Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Viache." Nikazunguka kaunta, nikamletea kiti changu.

Akakitazama kile kiti. Akanitazama mimi. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akauliza, "Afande, nimekosa nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu. Hakuniamini. Alikaa ukingoni kabisa, mguu mmoja umeelekea mlangoni. Lakini alikaa, mdogo wangu, na akaanza kunieleza baiskeli yake ilikuwa rangi gani.

Dada yako