Lenzi ya Zamani na Picha ya Mzee Kasiani

Ifakara, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na barabara ya kivukoni imekuwa tope tupu.

Leo nimeogopa kuliko siku yoyote tangu nianze ufundi wa saa.

Mwezi uliopita Padre aliniletea kamera yake ndogo, ambayo lenzi yake ilikuwa imeliwa na kuvu kwa unyevu wa bonde hili. Akaleta pia lenzi ya kamera kuukuu ya mbao aliyoikuta misheni: vioo vitatu tu, vya zamani lakini safi. Aliomba niifunge hiyo kwenye kamera ndogo. Nilikereza bomba la shaba, kisha nikakaa siku nyingi na tupa, nikichonga kipande kinachosukuma kipima umbali, kile kinachomwonyesha mpigaji lenzi imelenga mbali kiasi gani.

Nilipomaliza niliweka karatasi ya mafuta mahali pa filamu, nikaelekeza kamera kwenye mnara wa kanisa. Msalaba ulionekana wazi. Nikamwambia Padre iko tayari.

Sikuijaribu kwa karibu.

Jumatatu akaja Rosalia, binti wa katekista Kasiani, mzee aliyenifundisha kusoma. "Kaka Alfonsi," alisema, "njoo umpige baba picha wakati bado anaweza kukaa." Mzee hakuwa na picha hata moja. Padre akaniazima kamera. Barazani mwanga ulikuwa hafifu, ikabidi nifungue tundu la lenzi lote, na hapo hata kosa dogo la umbali huharibu picha. Nilipiga picha sita.

Jumanne mzee alifariki. Jana tulimzika.

Asubuhi ya leo nilijifungia stoo kusafisha filamu. Kisha nikaiinua kwenye dirisha. Picha tano, uso wa mzee ni ukungu. Nyuma yake ukuta umetoka vizuri, unaweza kuhesabu nyufa. Kipima umbali kilisema uso, lenzi ikaangalia ukutani.

Ya sita peke yake ndiyo safi. Hapo mzee alikuwa amechoka, ameegemea ukuta ule ule, na Rosalia anamfuta mdomo kwa khanga. Niliibonyeza bila kufikiri, na baadaye niliona haya kwamba nimempiga mtu katika udhaifu wake.

Rosalia alifika saa kumi. Nilitaka kusema filamu iliharibiwa na unyevu. Angeniamini.

Nikamwambia, "Dada, picha tano zimetoka ukungu, na kosa ni langu. Lenzi sikuijaribu kwa karibu."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa kuonekana sijui kazi."

Nikampa ile moja niliyoichapa, ndogo kama kiberiti. Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hapa alikuwa ananitania," alisema. "Alisema namfuta kama sufuria. Tazama macho yake."

Nilitazama. Kweli, macho yalikuwa yanacheka. Mimi nilikuwa nimeona mgonjwa tu.

Ameondoka nayo kifuani, ndani ya khanga. Kuhusu zile tano hakuuliza, na sijui kama amenisamehe.

Hofu haijaisha. Jumapili watoto wanapokea komunyo ya kwanza, na Padre amewaahidi wazazi picha kwa lenzi hii hii. Kesho, kabla ya misa ya asubuhi, nitamrudishia kamera na kumwambia haiko tayari, wala haikuwa tayari nilipomwambia iko tayari.

Nimeandika hapa ili nisije nikaamka na maneno mengine.